Kutoka Njiwa Hai hadi Kisahani cha Udongo



Safari hii nimechagua kuandika historia ya mchezo ambao wengi wenu hamjapata kuuona kwa macho, yaani kulenga visahani vya udongo virukavyo angani kwa bunduki ya marisau. Mtauliza, mchezo huo unahusiana nini na Vudee? Unahusiana kwa sababu ya manati. Ni vijana wachache wa milima hii waliokua bila manati shingoni, wakiwinga ndege shambani na kushindana nani ataangusha wengi. Mchezo huu nao ulianza vivyo hivyo, kwa kuua ndege hai ili apatikane mshindi.

Mwishoni mwa karne ya 18, karibu na London, njiwa aliwekwa ndani ya shimo dogo na kufunikwa kofia kuukuu. Mchezaji alipoita, kamba ilivutwa, kofia ikapinduka, njiwa akaruka, naye akapigwa risasi. Baadaye kofia ziliachwa, yakatumika masanduku. Mambo yalifika mbali mno huko Paris mwaka 1900, katika Michezo ya Olimpiki, ambapo ndege wapatao 300 waliuawa mbele ya watazamaji. Mbelgiji Léon de Lunden alishinda kwa kuangusha 21. Uingereza ilipiga marufuku mashindano ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1921.

Lakini mbadala ulikuwa umekwisha patikana. Huko Marekani, tangu miaka ya 1860, walirusha tufe za kioo, na Kapteni Adam Bogardus akazifanya zipendwe sana katika miaka ya 1870. Ubaya wa kioo kila mkulima anaujua: vipande hubaki shambani vikisubiri nyayo. Mwaka 1880 George Ligowsky wa mji wa Cincinnati akaleta kisahani cha udongo wa kuchoma. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuwatazama watoto wakirusha vitu bapa vikidundadunda juu ya maji. Visahani vyake vya kwanza vilikuwa vigumu kupita kiasi. Marisau yaligonga, vikalia kama kengele, wala visivunjike! Siku hizi jina la udongo limebaki jina tu, kwani kisahani hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa. Upana wake ni milimita 110 na uzito wake gramu 105 hivi.

Aina kuu za mchezo ni mbili. Katika trepu, mtambo umefichwa mita 15 mbele ya mchezaji, na kisahani hukimbia kwenda mbali naye, kwa pembe asiyoijua. Katika skiti, visahani hutoka kwenye vibanda viwili, kimoja kirefu na kingine kifupi, navyo hupishana mbele yake. Skiti ilibuniwa na Charles Davies huko Andover, Massachusetts, karibu mwaka 1920. Mwanzoni wachezaji walizunguka duara zima, mpaka jirani alipoanzisha ufugaji wa kuku upande wa pili, ikabidi duara likatwe nusu. Hivyo kuku wa jirani ndio waliotoa umbo la mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1968 huko Mexico.

Sasa, anayeanza huanzaje? Si kwa kushika bunduki. Hufundishwa kwanza kulijua jicho lake lenye nguvu. Nyoosha kidole kuelekea kitu cha mbali, macho yote mawili yakiwa wazi, kisha fumba jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kidole hakihami, ndilo lenyewe. Baada ya hapo huja somo gumu kuliko yote, nalo ni kutolenga pale kisahani kilipo, bali pale kitakapokuwa. Marisau huchukua muda kufika, na kisahani hakimngoji mtu. Anayesimamisha mkono wakati wa kufyatua hupiga nyuma, daima nyuma.

Somo hilo sisi tulilipata bila kujua. Tulikata vipande vya gogo la mgomba, mwenzetu akaviviringisha mteremkoni, nasi tukavirushia mishale ya miti. Aliyelenga katikati ya kipande alichoma majani.

Mchezo huu hauchagui nguvu wala umri. Mwaka 1992, huko Barcelona, mwanamke wa Kichina, Zhang Shan, aliwashinda wanaume katika skiti kwa kupata 223 kati ya 225. Michezo iliyofuata, mwaka 1996, wanawake wakaondolewa kwenye skiti. Walirudishwa mwaka 2000 wakiwa na shindano lao wenyewe. Mimi sijasikia maelezo ya uamuzi ule yanayoniingia akilini. Kwa jirani zetu wa Ghuba, Ahmed Al Maktoum wa Dubai aliiletea nchi yake medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki, nayo ya dhahabu, huko Athens mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 40.

Bunduki ni ghali, risasi ni ghali, na sheria yetu ya silaha ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, jambo ambalo ni sawa. Basi sidanganyi kwamba wanafunzi wetu watapata uwanja wa trepu hivi karibuni. Manati wanayo. Na katika msitu wa Chome, juu huko Shengena, yuko kindege mdogo wa kijani na kijivu mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye hapatikani popote duniani ila milima hii ya Upare Kusini. Kokoto la manati halimtambui.

Kwa hiyo napendekeza, siku ya mkutano wetu ujao, wahitimu washindane na wanafunzi: vipande vya mgomba kumi kwa kila mtu, vikiviringishwa kwenye mteremko usio na njia ya watu, watazamaji wote wakiwa nyuma ya mstari. Migomba nitaleta mimi.