Mtepe Ndani ya Beit el-Ajaib

Aliyeingia Beit el-Ajaib, pale Forodhani Unguja, katika miaka ya 2000 ilipokuwa Makumbusho ya Historia na Utamaduni, alipita kwanza mizinga ya shaba ya Wareno, akavuka mlango wa nakshi wenye aya za Qur'ani, na katikati ya ukumbi akakuta chombo kizima: mtepe.

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1883 na Seyyid Barghash, aliyetaka walimwengu waone. Nguzo za chuma, taa za umeme, baadaye lifti. Ndiko lilikotoka jina. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga ikulu kwa muda usiotimia saa moja. Beit el-Hukm iliyokuwa jirani ikabomoka, watu wapatao 500 wakauawa au wakajeruhiwa, na Beit el-Ajaib ikabaki imesimama. Mnara wa saa uliokuwa mbele yake ulianguka. Mwingine ukajengwa juu ya nyumba yenyewe.

Lakini kilichowashika watu miguu ni mtepe. Chombo hiki hakina hata msumari mmoja. Mbao zake hutobolewa kwa kekee, zikashonwa kwa kamba za usumba kama kikapu, kisha tundu zikazibwa. Tanga lake ni la mkeka, la pembe nne. Omo lake limenyanyuka kama shingo ya ngamia. (Wapo wanaoliita mtepe kila jahazi kongwe. Jahazi hupigwa misumari, mtepe hushonwa.) Baharia wa Kiyunani aliyeandika habari za pwani hii katika karne ya kwanza alikwisha kuvitaja vyombo vya kushonwa, na bandari aliyoiita Rhapta imepata jina kwa mshono huo.

Mitepe ya Lamu na visiwa vya Wabajuni ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo mwaka 2003, wakati Profesa Abdul Sheriff akiwa mhifadhi mkuu, ilipoamuliwa kuujenga upya, hapakuwa na chombo hai cha kuigiza. Ilibidi mafundi wafuate mifano midogo na picha za zamani, na pale picha iliponyamaza, wafuate mikono yao. Wakauita Shungwaya, jina la nchi ambayo masimulizi ya pwani huwatoa humo mababu wa kabila nyingi. Hilo ndilo lililoipa makumbusho hii uzito kuliko viti vya kifalme vya orofani: humo elimu iliyokwisha kufa ilirudishwa kazini.

Nyumba ilikuwa imechoka. Sehemu zake zilianza kuporomoka, wageni wakazuiwa, na ukarabati ukaanzishwa kwa msaada wa Oman. Siku ya tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa kazini, upande mmoja wa mbele ukaanguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki chini ya kifusi.