Gobole

Gobole ni bunduki ya kushindilia: baruti na risasi huingizwa kupitia mdomo wa mtutu. Masasi na Newala, kama kwingineko kusini mwa Tanzania, silaha hii ilienea kwa misafara ya karne ya 19 iliyounganisha Ziwa Nyasa na bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani, ikilipiwa kwa pembe za ndovu na watumwa.

Nguvu ya gobole imo mkononi mwa anayeshindilia. Baruti iliyopimwa hutangulia, kikafuata kizibo cha nyuzi au kitambaa, kisha risasi ya duara au marisau, na kizibo kingine yasimwagike. Vyote hukandamizwa kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Risasi ikikwama katikati bila kuifikia baruti, mtutu unaweza kupasuka. Ili iteremke, risasi huwa ndogo kuliko tundu, na mwanya huohuo huvujisha nguvu. Tena mtutu ni laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi. Kulenga kitu zaidi ya mita 50 ni kubahatisha.

Baruti nyeusi nayo ni chafu. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka chembe za moshi na masizi, na baada ya milio michache risasi haishuki tena. Dawa yake ni maji ya moto, jambo gumu kwa Newala ya zamani, ambako maji yalipandishwa kutoka mabondeni.

Unyevu ni adui mwingine. Bunduki ya gumegume hutegemea cheche inayodondokea baruti iliyo wazi, hivyo mvua huizima. Ile inayowashwa kwa fataki hustahimili zaidi.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha za kisasa barani Afrika, ukaacha mwanya kwa magumegume na baruti ya kawaida. Tofauti kati ya silaha hizo mbili ilionekana mwaka 1905, misheni ya Masasi ilipoteketezwa katika Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Wapiganaji wenye magobole, mikuki na mishale walikabili askari wa Wajerumani waliobeba bunduki za Mauser za 1871, zinazopakiwa kwa nyuma, risasi, baruti na fataki vikiwa katika ganda moja. Mwenye gobole alikuwa bado anashindilia, askari ameshafyatua mara kadhaa.

Shambani mambo ni mengine. Katika vichaka vya Umakonde nguruwe pori huonekana akiwa hatua chache tu kutoka kwenye mihogo, na mlio mmoja wa marisau hutosha. Hata hivyo, sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mmiliki awe na kibali, na magobole yasiyo na kibali hutokea miongoni mwa silaha zinazosalimishwa polisi serikali inapotangaza msamaha.