Mikanda ya magari ya mashindano: Yafaa kujua haya kabla ya kuifunga

MIKANDA ya usalama ya magari ya mbio humshika dereva kitini kwa ncha nne, tano au sita, tofauti na mkanda wa kawaida wa ncha tatu uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959.

Mmiliki wa gari wa Bariadi, Maswa au Lamadi anayetamani kuifunga kwenye gari lake la kila siku hana budi kufahamu kwamba mikanda hiyo haifanyi kazi peke yake. Huambatana na kiti maalumu, fremu ya vyuma inayozuia paa lisibonyee, na kifaa cha kukinga shingo.

Gari lisilo na fremu hiyo likipinduka, mkanda wa kawaida humwachia mtu nafasi ya kuinama. Mikanda ya mashindano humshikilia wima, na paa linaweza kumbonyea kichwani. Gari likigonga kwa mbele, mabega hubaki kitini huku kichwa kikirushwa mbele, na nguvu kubwa huielemea shingo.

Katika barabara ya Lamadi-Bariadi-Maswa-Mwigumbi, ambako mifugo hukatiza, dereva anayekwepa ghafla na kupinduka anaweza kuumizwa na kifaa alichokiamini.

Kwa magari ya mashindano, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) zinaeleza namna ya kufunga. Mikanda ya mabega hushuka kuelekea nyuma kwa pembe isiyozidi nyuzi 45 kutoka mstari wa mlalo, na inashauriwa isizidi nyuzi 10. Ikivutwa wima hadi sakafuni, hukandamiza uti wa mgongo.

Mkanda wa chini hukaa juu ya mifupa ya nyonga, kamwe si juu ya tumbo. Mikanda inayopita kati ya mapaja humzuia mtu asiteleze chini yake.

Ni marufuku kuifunga kwenye kiti au kwenye vishikio vyake. Hufungwa kwenye bodi, chesesi au fremu. Tundu jipya katika bati la bodi huimarishwa kwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 au zaidi na eneo lisilopungua sentimita 40 za mraba. Bila bamba hilo, bolti inaweza kuchana bati na kuchomoka.

Mikanda pia ina umri wake. Iliyothibitishwa kwa kiwango cha FIA 8853/98 ilitumika miaka 5, na ya kiwango cha 8853-2016 hutumika miaka 10. Hubadilishwa baada ya ajali kubwa, au ikikatika, ikichakaa au ikidhoofishwa na jua na kemikali. Kwa sababu hiyo, mikanda ya mtumba isiyojulikana ilikotoka haifai.

Kwa gari la kawaida, kinga iliyo bora ni mkanda wa kiwandani, kwa kuwa mifuko ya hewa na viti vilisanifiwa kwenda pamoja nao. Ukichanika au kugoma kujikaza, fundi aweke mwingine wa aina hiyo hiyo, katika matundu ya awali.