Kituo cha Treni cha Mwanafunzi Mmoja: Nina Deni Nanyi

Wiki hii hatuongelei homa wala uji wa lishe. Nawapeleka Japani, kwenye kituo kidogo cha treni, maana nina deni nanyi.

Mnakumbuka kile kisa kilichozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp? Kwamba kituo fulani huko Japani kilibaki wazi kwa ajili ya binti mmoja tu wa shule. Treni moja asubuhi ya kumpeleka, moja jioni ya kumrudisha, na kampuni ikaahidi kutokifunga mpaka amalize. Jamani, mimi nililia. Nikakiweka hapa, na wengi wenu mkakisambaza. Baadaye nikakaa nikasoma vizuri. Kumbe sehemu ni kweli, na sehemu imetiwa chumvi! Mimi ninayewaambia kila siku msisambaze msichokihakiki, nikateleza mwenyewe. Basi leo narekebisha.

Tuanze na mahali penyewe. Ni kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwenye baridi kali na theluji nyingi. Kuna reli inaitwa Sekihoku, inatoka upande wa Asahikawa, inakata milima na misitu mpaka Abashiri, pwani. Katikati ya safari kuna eneo la Shirataki. Hapo palikuwa na vituo vitano vilivyofuatana, vyote na jina hilo hilo: Oku-Shirataki, Kami-Shirataki, Shirataki penyewe, Kyu-Shirataki na Shimo-Shirataki. Kami ni juu, Shimo ni chini, Kyu ni ya zamani. Na hapa ndipo kisa kilipochanganyikiwa.

Ujumbe tuliotumiana ulitaja Kami-Shirataki, kituo kilichofunguliwa mwaka 1932. Ni kweli hapo treni ya abiria ilisimama mara moja tu kwa siku kwa kila upande: saa 1:04 asubuhi na saa 11:08 jioni. Ratiba ile ilikuwa ya kweli. Ila binti hakuwa anapandia hapo! Yeye alitumia Kyu-Shirataki, kituo kilichoanza mwaka 1947. Kilikuwa kibanda cha mbao, hakina mfanyakazi hata mmoja. Asubuhi alikuwa na treni moja ya kwenda Engaru, mji ilipo shule yake. Kurudi alikuwa na treni tatu za kuchagua. Kwa hiyo ile picha ya treni moja inayomsubiri yeye peke yake haikuwa sahihi.

Na ile ahadi je? Uamuzi wa kufunga vituo hivi ulishajulikana mwaka 2015, kabla kisa hakijavuma Januari 2016. Sababu ilikuwa uchache wa abiria. Vilifungwa tarehe 26 Machi 2016, siku ratiba mpya za treni zilipoanza. Japani ratiba hubadilishwa kila mwaka mwezi Machi, na mwaka wa shule nao huisha Machi. Umeona sasa? Tarehe mbili zilikutana, watu wakatunga ahadi katikati yake. Tena siku hiyo hiyo Hokkaido ilifunga vituo 8, siyo kimoja.

Sasa swali la mama: kwa nini abiria waliisha? Hii ndiyo historia ambayo kile kisa kitamu kilituficha. Mpaka mwaka 1987 reli zilikuwa za serikali. Tarehe 1 Aprili mwaka huo zikagawanywa kwa makampuni. Kampuni ya Hokkaido ikarithi reli ndefu kwenye nchi ya theluji, yenye watu wachache wanaozidi kupungua. Vijana wanahamia mijini, wanaobaki wana magari, watoto wa kupanda treni wanapungua mwaka hadi mwaka. Oku-Shirataki kilifungwa mwaka 2001. Kijiji cha Shirataki nacho kiliunganishwa na mji wa Engaru mwaka 2005. Novemba 2016, miezi michache baada ya binti yetu kumaliza, kampuni ilitangaza kwamba kilomita 1,237 za reli, karibu nusu ya zote ilizonazo, haiwezi kuziendesha peke yake.

Leo kati ya vile vituo vitano kimebaki kimoja tu, Shirataki. Kutoka hapo mpaka kituo kinachofuata, Kamikawa, ni kilomita 37.3 bila kusimama. Ukiacha treni za mwendokasi, ndiyo nafasi ndefu kuliko zote kati ya vituo viwili jirani kwenye reli za makampuni yale.

Kwa nini nimewaandikia haya? Kwa sababu kile kisa kilitufanya tupumue: binti kamaliza, kituo kimefungwa, mambo yameisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Kituo kilifungwa kwa sababu familia zenye watoto zilikuwa zimeshaondoka. Mama mwenye mtoto mchanga leo kwenye bonde lile hana treni ya kupandia pale karibu na kwake.

Mimi hili nalijua kazini. Kichupa cha chanjo ya surua ni dozi 10, na kikishachanganywa kinadumu saa sita tu. Siku akija mtoto mmoja, nakifungua, hata kama dozi tisa zitamwagwa. Sifanyi hivyo kwa huruma yangu, ni utaratibu uliowekwa na watu waliokaa wakaamua kwamba mtoto mmoja anatosha. Kule Shirataki hesabu ilipigwa kwa idadi ya abiria.

Ombi langu ni dogo. Kama ulikituma kile kisa kwenye grupu la familia, rudi leo ukaweke masahihisho. Mimi nimeshaanza na la kwetu, na shangazi kanijibu, "Kwa hiyo machozi yangu nirudishiwe?"

Jumapili ijayo tunarudi kwenye mada yetu: mtoto anayekataa kula.