Mchicha wa mtoto: jinsi ya kuupanda kwa mbegu zako mwenyewe

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena. Endelea kumnyonyesha, na anza kumpa vyakula vingine, zikiwemo mboga za majani. Mchicha huupa mwili vitamini A, ambayo hulinda macho na kusaidia kupambana na maradhi. Mbegu za mchicha wa kienyeji unaweza kuzitunza nyumbani, ukapanda tena bila kununua.

Kupanda

1. Chagua mahali penye jua, mbali na choo na maji machafu. Kama huna bustani, gunia lililojaa udongo linatosha.
2. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche na inaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.
3. Mbegu ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, zimwage kwenye mistari, kisha zifunike kwa udongo kidogo tu.
4. Tandaza nyasi kavu na umwagilie taratibu. Miche ikichomoza, kwa kawaida ndani ya wiki 1, ondoa nyasi.
5. Punguza miche iliyosongamana. Hiyo nayo ni mboga.

Anza kuvuna baada ya wiki 3 hadi 4. Ukikata shina badala ya kung'oa, litachipua tena.

Kutunza mbegu

Acha mimea michache yenye afya bila kuichuma. Masuke yakianza kukauka na mbegu kudondoka ukiyasugua, yakate, yaanike juu ya kitambaa, yapukuchue na upepete. Weka mbegu kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Tahadhari: mbegu za dukani zilizopakwa dawa, ambazo mara nyingi huwa na rangi, haziliwi. Usiwape kuku, na ziweke mbali na watoto.

Kumpikia mtoto

- Osha majani kwa maji safi kabla ya kuyakata.
- Yapike kwa muda mfupi mpaka yalainike, kisha yaponde.
- Ongeza mafuta kidogo au karanga zilizosagwa laini. Mafuta husaidia mwili kufyonza vitamini A.
- Mchicha una madini ya chuma, lakini mwili huyafyonza kidogo. Ongeza maini, nyama au dagaa waliosagwa, na matone ya limau.
- Usimpe mtoto chai. Hupunguza zaidi ufyonzaji wa madini ya chuma.

Usiache kliniki

Mchicha hauchukui nafasi ya matone ya vitamini A, ambayo mtoto hupewa kila baada ya miezi 6 mpaka afikishe miaka 5. Mpeleke kituo cha afya mapema ukiona anajikwaa giza likianza kuingia, viganja vyake vimepauka, au uzito wake hauongezeki. Dalili hizi zinahitaji matibabu, si mboga peke yake.