Dodoma inajengwa: Barabara ni ya nani, na bustani zitanywa maji gani?

Kila mwaka wa fedha unapoishia Juni 30, taarifa za maendeleo ya Jiji la Dodoma humiminika: kilomita za lami, asilimia za utekelezaji, idadi ya miche iliyopandwa. Mkazi anayezisoma kwenye simu huku mtaa wake bado una vumbi hubaki akijiuliza hizo kilomita zimepita wapi.

Kwanza, mji wenyewe umekimbia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 mambo yalikwenda kwa mwendo wa kinyonga, hadi Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kuwa sasa Serikali inahama kweli. Aprili 26, 2018 manispaa ikawa jiji. Watu hawakusubiri lami wala bomba, walinunua viwanja na kujenga.

Barabara ya mtaani kwako ni ya nani?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Barabara kuu na za mkoa, kama zile za kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Babati, ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani ni za TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 chini ya TAMISEMI. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, ndiyo maana hadi leo diwani anabanwa kwenye mkutano kuhusu mashimo ambayo ofisi ya mkurugenzi wa jiji haiyazibi yenyewe. Diwani anaweza kupaza sauti, lakini greda lina ofisi nyingine.

Kwa hiyo ukisikia "kilomita 112.3", usizitafute uchochoroni. Hizo ni za barabara ya mzunguko wa nje, ya njia nne, iliyo chini ya TANROADS na kujengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Imegawanywa vipande viwili: Nala, Veyula, Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa (kilomita 52.3), na kutoka Ihumwa kupitia Matumbulu kurudi Nala (kilomita 60). Kazi yake ni kuyaondoa malori katikati ya mji. Dodoma ni njia panda: mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapa ikitoka Dar es Salaam, na inakutana na barabara ya Arusha hadi Iringa.

Ni mradi mkubwa na wa maana. Ila haumsaidii mama anayeshuka kwenye bajaji na kumalizia safari kwa miguu kwenye tope la Januari. Huyo anategemea bajeti ya TARURA, na habari zake hazipewi uzito kama za barabara ya mzunguko, au za treni ya SGR iliyofika Dodoma 2024.

Viwanja vilivyogeuka mapato

Hadi Mei 2017 ardhi ya Dodoma ilisimamiwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mkazi alipewa hati ya miaka 33 tu. Magufuli aliivunja CDA, majukumu yakaenda halmashauri na hati zikawa za miaka 99. Upimaji ukashika kasi, na mauzo ya viwanja yakawa chanzo kikubwa cha mapato ya ndani.

Kasi hiyo ilikuja na maumivu yake. Malalamiko ya fidia, na ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili, yamekuwa wimbo wa kila waziri wa ardhi anayetembelea jiji hili. Tena fedha ya kiwanja huingia mara moja tu, wakati mtaro, taa na barabara vinahitaji kutunzwa kila mwaka.

Bustani

Mpango wa kwanza wa makao makuu, wa 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Canada, uliota mji wa bustani ambao watu wanatembea kwa miguu. Leo anayetaka kupumzika chini ya mti ana Nyerere Square katikati ya mji, na Chinangali Park. Kwa watu zaidi ya laki saba, hapo hata ukijumlisha maeneo mengine madogo bado ni kiduchu.

Miti nayo haikosi kampeni. Desemba 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya Dodoma ya Kijani huko Mzakwe. Shida huanza mvua zikikata. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kisha ukame wa miezi. Mche usiomwagiliwa hapo katikati unakufa, hata kama ulipandwa na kiongozi mbele ya kamera. Idadi ya kuulizia ni ya miti iliyo hai Novemba.

Na maji ya kumwagilia yatoke wapi? Jiji linategemea zaidi visima vya Mzakwe, na kwa DUWASA mgawo ni jambo la kawaida. Pale ambapo nyumba inasubiri siku yake ya maji, bustani haiwezi kuwa ya kwanza kwenye foleni.

Ukisoma taarifa, tazama kitenzi

"Mkataba umesainiwa" maana yake hakuna kilichojengwa bado. "Mkandarasi yupo saiti" inaweza kuwa kambi na kibao tu. "Asilimia 60" uliza ni ya kazi au ya muda uliopita, maana muda unaweza kufika mwisho kazi ikiwa nusu. Neno lenye uzito ni "umekabidhiwa", na hata hapo kuna kipindi cha uangalizi ambacho mkandarasi anapaswa kurekebisha kasoro kwa gharama zake. Lami ikibanduka ndani ya kipindi hicho, mkazi apige picha na kuipeleka TARURA mapema.

Kwa upande wa maji, majina ya kufuatilia ni mawili: bwawa la Farkwa wilayani Chemba, linalozungumzwa kwa miaka mingi, na mpango wa kuvuta maji kutoka Ziwa Victoria.