Simu ya Askofu na Kilio cha Mtoto



Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita Kanisa la Wamormoni, lilianzishwa na Joseph Smith huko Marekani mwaka 1830. Makao yake makuu yako Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Nchini mwetu pia lina waamini, na mwaka 2019 liliweka wakfu hekalu mjini Kinshasa. Leo tunatazama jambo moja la historia yake: namna lilivyoshughulika na waamini waliojulikana kuwa wananajisi watoto. Hatufanyi hivyo ili kumcheka jirani, kwa maana swali hili limebisha hodi mlangoni mwetu pia.

Kwa Wamormoni, askofu si padri aliyesomea seminari. Ni mlei mwenye kazi yake ya kila siku, anayeongoza jumuiya ya mahali pake kwa miaka kadhaa bila mshahara. Aliyetenda dhambi nzito humwendea na kuungama. Je, askofu huyo afanye nini akisikia kwamba baba anamnajisi binti yake? Mwaka 1995 viongozi wa Kanisa hilo waliweka namba ya simu ya kumpa mwongozo. Kesi nzito hupelekwa kwa mawakili wanaolitetea Kanisa lenyewe. Hapo ndipo penye fundo: wakili hufikiri kwanza juu ya hatari inayomkabili mteja wake, na mteja huyo si mtoto.

Mwezi wa Agosti 2022, shirika la habari Associated Press lilieleza yaliyotokea katika jimbo la Arizona. Baba mmoja alimwungamia askofu wake kwamba alimdhulumu binti yake mdogo. Askofu alipiga ile simu, na baadaye aliwaambia wapelelezi kwamba alielekezwa asitoe taarifa kwa serikali. Mwaka 2013 baba huyo alitengwa na Kanisa, lakini alibaki nyumbani pamoja na watoto wake. Dhuluma iliendelea kwa miaka 7 baada ya ungamo, hata mtoto wa pili, aliyekuwa bado mchanga, akaumizwa. Mwaka 2017 serikali ilimkamata, bila msaada wa Kanisa.

Tuone vema kosa lilipo. Kutenga ni adhabu ya kulinda usafi wa jumuiya. Hakumwondoi mtoto katika mikono ya anayemwumiza. Tena sheria ya Arizona ya kutoa taarifa ilimruhusu kiongozi wa dini kunyamaza juu ya ungamo, haikumlazimisha.

Kanisa hilo lilijibu kwamba habari ile ilipotosha lengo la simu, ambayo, kwa maneno yake, ipo ili kuwalinda watoto na kutii sheria. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Arizona ililikubalia Kanisa kutotoa siri za ungamo lile, na mwaka huohuo kesi ya watoto dhidi ya Kanisa ilifutwa. Ni haki kutaja pia mabadiliko: mwaka 2018 liliagiza watu wazima wasiopungua wawili wawepo katika shughuli za watoto na vijana, na mwaka 2019 likaanzisha mafunzo kwa viongozi wao.

Mwandishi wa habari ile, Michael Rezendes, alikuwa mmoja wa waandishi wa gazeti la Boston Globe ambao mwaka 2002 walifichua jinsi wakubwa wa Kanisa letu Katoliki walivyowahamisha mapadri wakosefu kutoka parokia moja hadi nyingine. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tunaamini kwamba siri ya kitubio haivunjwi kamwe. Lakini yanayojulikana nje ya kitubio hayana kinga hiyo, na mwaka 2019 Papa Fransisko aliwaagiza makleri na watawa wote kuyatolea taarifa kwa wakubwa wa Kanisa.

Tujadiliane katika vikundi vyetu: katika parokia yetu, mtoto aliyeumizwa amwendee nani? Naye atakayemsikiliza, atampigia nani kwanza: anayelinda jina la Kanisa, au anayeweza kumwondoa mtoto katika hatari usiku huohuo?